Dawa Mbili Katika Safari Moja

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wahitimu wenzetu katika mkutano uliofanyika Moa, na kuchapwa hapa kwa ombi la Kamati.)



Kamati iliponiandikia barua ilitaka nizungumze juu ya afya ya msafiri. Nilijibu kwamba mimi si mganga. Kazi yangu ni mafaili ya Serikali, na shahada niliyoipata Chuo Kikuu haikuwa ya utabibu. Kamati ikanijibu kwa sentensi moja tu: waganga tunao, tunachotafuta ni mgonjwa. Basi nimekuja kama mgonjwa. Hata hivyo, waganga wawili tuliosoma nao wameipitia karatasi hii kabla sijasimama hapa, na kila waliponisahihisha nimekubali.

Wenzangu niliolala nao chumba kimoja jana usiku wameniuliza saa yangu ni ya aina gani hata inasikika gizani. Ndugu zangu, ile si saa. Ni vali ya bandia iliyomo moyoni mwangu, ambayo kila ikifunga hutoa mlio mdogo. Nilipokuwa mtoto nilikuwa mtu wa kuumwa koo mara kwa mara. Maradhi ya koo ya namna ile yasipotibiwa sawasawa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huwashika zaidi watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15. Mwili, katika kupigana na vijidudu vya koo, hukosea shabaha ukaziumiza vali za moyo wenyewe, na madhara yake aghalabu huonekana miaka mingi baadaye, mtu akiwa amekwisha kuoa na kupata watoto. Zamani wengi wa namna yangu walipelekwa India kupasuliwa. Siku hizi kazi hiyo hufanyika pia hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015.

Vali ya bandia ni neema, lakini ina sharti lake. Damu ikigusa kitu kigeni hutaka kuganda. Donge likikaa kwenye vali huizuia isifanye kazi. Likichomoka na kupanda ubongoni humpooza mtu. Kwa sababu hiyo kila siku, mpaka siku ya mwisho wangu, yanipasa nimeze kidonge kiitwacho warfarini ili damu isigande upesi. Wala si mimi peke yangu. Dawa za jamii hii hupewa pia waliowahi kupata donge la damu mguuni au mapafuni, na wale ambao moyo wao hupiga bila mpango. Katika umoja wetu huu najua tupo wanne, na kwa umri tunaouendea wote idadi hiyo haitapungua.

Mada yangu basi ni nyembamba, lakini ni ya uhai na kifo: mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda afanyeje akiugua safarini na kuandikiwa dawa ya kuua vijidudu, yaani antibayotiki?

Tuanze na dawa yenyewe, maana historia yake inatuhusu kuliko mnavyodhani. Katika miaka ya 1920 wakulima wa Kanada na wa kaskazini ya Marekani waliona ng'ombe wao wakivuja damu hata kufa. Ikagunduliwa kwamba ng'ombe hao walikuwa wamelishwa majani makavu yaliyooza kwa unyevu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa jimbo la Wisconsin alimpakia ng'ombe wake aliyekufa, akachukua na kopo la damu isiyoganda, akavipeleka kwa mtaalamu wa kemia aitwaye Karl Paul Link. Link na wenzake walifanya kazi miaka mingi mpaka wakaipata sumu ile. Kutokana na sumu hiyo wakatengeneza nyingine yenye nguvu zaidi, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kuwa dawa ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, kwa kipimo kidogo, na baada ya mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alikuwa miongoni mwa walioitumia. Na jina lake? Herufi za mwanzo zake ni za mfuko ulioundwa mwaka 1925 na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin ili kusaidia utafiti wa chuo chao. Ndiyo kusema kidonge ninachomeza kila jioni kina jina la chama cha wahitimu kama sisi. Naomba mlikumbuke jambo hilo, kwa kuwa nitakuwa na ombi mwishoni.

Sasa inafanyaje kazi? Ini la mtu hutumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyoigandisha damu. Warfarini huibana ile vitamini K isitumike tena na tena, basi damu ikachelewa kuganda. Kuchelewa huko hupimwa kwa kipimo kiitwacho INR. Mtu asiyetumia dawa huwa na INR ya karibu 1. Wengi wanaotumia warfarini hutakiwa wawe kati ya 2 na 3. Sisi wenye vali ya bandia upande wa kushoto wa moyo, katika ule mlango wa juu, kwa kawaida hutakiwa tuwe kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo damu huganda. Juu sana ya hapo mtu huvuja damu hata bila jeraha. Wavuvi wa hapa Moa wanaujua mlango mwembamba kati ya miamba miwili. Jahazi hupita salama madhali nahodha anajua maji yamefika wapi. Nasi hupita salama madhali tunapima.

Antibiyotiki, au antibayotiki kama wengine tunavyotamka, huyabadili maji hayo kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ini. Ini ndilo linaloivunjavunja warfarini na kuiondoa mwilini. Zipo dawa zinazolizuia lisiifanye kazi hiyo, na kwa bahati mbaya mbili kati ya zilizo mashuhuri kwa jambo hili ndizo tunazozijua tangu utotoni: metronidazoli, ambayo wengi tunaiita Flagyl, na kotrimoksazoli, ambayo tunaiita Septrin. Mtu akizimeza, warfarini ya jana bado imo mwilini na ya leo inaongezeka juu yake, ingawa hakuzidisha hata kidonge kimoja. Siprofloksasini na erithromisini nazo huweza kuipandisha INR. Kadhalika flukonazoli, ambayo ni dawa ya fangasi.

Njia ya pili ni utumbo. Tumboni mwetu wamo vijidudu wema wanaotutengenezea sehemu ya vitamini K. Antibayotiki haichagui adui na rafiki.

Njia ya tatu ni maradhi yenyewe. Mtu mwenye homa, anayeharisha na asiyekula, hapati vitamini K ya chakula. Hata asipomeza dawa yoyote, INR yake huweza kupanda.

Ipo pia dawa inayovuta upande wa pili. Rifampisini, ambayo ni nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, hulichochea ini liiharibu warfarini upesi mno, hata damu ikarudi kuganda. Mgonjwa huyo huhitaji kuongezewa warfarini kwa kiasi kikubwa akiwa katika matibabu ya kifua kikuu, na kupunguziwa pole pole amalizapo. Asiyepimwa katika kipindi hicho yumo hatarini mara mbili, mwanzo na mwisho.

Jambo la kuangalia sana ni muda. Madhara hayaji saa ile ile mtu anapomeza. Vitu vya kugandisha damu vilivyokwisha kutengenezwa huchukua siku kadhaa kwisha mwilini. Kwa hiyo siku ya kwanza hakuna kitu, siku ya pili hakuna kitu, tumbo limetulia, mgonjwa anashukuru na kupanda gari kurudi kazini; na huko kazini, siku ya tano au ya saba, ndipo damu inapoanza kutoka puani. Nani atakumbuka wakati huo kwamba wiki iliyopita, mkoa mwingine, alimeza dawa ya tumbo?

Niwape mfano wa hapa hapa. Mwaka jana nilikuja Moa kwa arubaini ya mjomba wangu. Toka Dar es Salaam mpaka Tanga ni kilomita zipatazo 350, kisha mtu hushika barabara ya Horohoro, kisha huiacha lami na kuteremka pwani. Siku ya tatu tumbo likaanza kunisokota, nikawa naharisha kamasi na kutetemeka kwa homa. Mpwa wangu, kijana mwema, akaondoka kwa pikipiki bila kuniambia, akarudi na dawa kutoka duka moja la njiani. Katika kikaratasi kisichoandikwa kitu mlikuwa na aina tatu: Flagyl, Septrin, na diklofenaki ya maumivu. Muuzaji hakuuliza mgonjwa ni nani wala anatumia dawa gani nyingine. Na mpwa wangu hakuwa na sababu ya kujua kwamba yampasa aseme.

Nilizishukuru zile dawa, nikaziweka kando, tukaenda zahanati. Tabibu aliyenipokea alikuwa kijana, na neno la kwanza nililomwambia lilikuwa hili: ninatumia warfarini kwa ajili ya vali ya moyo. Nikampa daftari langu la kliniki. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Akapima malaria, hapana. Akapima choo, akaona amiba. Akaniambia, "Mzee, dawa yako ni hii hii Flagyl. Septrin huihitaji, na hii ya maumivu usiiguse."

Hebu lifikirini jambo hilo, ndugu zangu. Dawa aliyoileta mpwa wangu ilikuwa dawa ya kweli, ya maradhi yale yale. Warfarini yangu nayo ilikuwa dawa ya kweli. Hakuna kosa katika kidonge hiki wala kile. Hatari ilikuwa katika kutokujuana kwao. Aliyeniandikia kile cha kwanza yuko Dar es Salaam, anayeniandikia cha pili yuko Mkinga, na hawajaonana. Mtu pekee anayeviona vidonge vyote viwili katika kiganja kimoja ni mgonjwa. Hilo ndilo neno nililokuja kusema hapa, na mengine yote ni maelezo yake.

Tabibu yule alipiga simu kliniki kwa namba iliyoandikwa nyuma ya daftari. Wakakubaliana nimeze Flagyl kwa siku zote zilizotakiwa, nipunguze warfarini kwa kiasi walichokitaja, na nipimwe siku ya nne. Kiasi hicho sikitaji hapa kwa makusudi, kwa kuwa kilikuwa changu na kinaweza kumdhuru mwingine. Kabla ya safari INR yangu ilikuwa 2.9. Siku ya nne, mjini Tanga, ilikuwa 3.8, pamoja na kupunguza kote kule. Wakapunguza tena. Nilipomaliza dawa ya tumbo niliambiwa nisidhani kwamba mambo yamekwisha: ini likifunguka, INR hushuka, na mtu aliyesahau kurudishiwa kipimo chake cha zamani huganda damu. Nikapimwa tena baada ya wiki moja, nikapimwa na wiki ya pili yake, mpaka nikarudi mahali pangu.

Wapo ambao mambo hayakuwaendea hivyo. Nilikuwa nikikaa benchi moja la kliniki na mama mmoja mchangamfu, mwenye vali kama yangu, aliyekuwa akituletea wote korosho. Alisafiri kwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua. Huko jino likamwuma na ufizi ukavimba. Akapewa metronidazoli, akachomwa na sindano ya diklofenaki, na hakuna aliyemwuliza swali. Jino likapoa. Siku ya nane akaamka na kichwa kinachouma kuliko alivyowahi kuumwa, na kufika adhuhuri alikuwa hasemi. Damu ilikuwa imevuja ubongoni. Hakufika hospitali. Nilipata habari hizi kwa mumewe, aliyekuja kliniki kurudisha daftari lake, kwa kuwa hakujua alifanyie nini. Daftari hilo alikuwa ameliacha nyumbani. Lilikuwa kabatini siku zote za safari ile.

Kutokana na hayo, na kwa msaada wa wale waganga wetu wawili, nimeandika mashauri machache.

Kwanza, kabla ya kuondoka. Pima INR siku chache kabla ya safari ndefu. Chukua vidonge vya siku zote na vya akiba, viwe katika mkoba wa mkononi, visiwe katika sanduku linalofungwa juu ya basi. Chukua daftari na namba ya simu ya kliniki yako. Uliza mapema ni wapi uendako wanapopima INR. Usisubiri mpaka uwe mgonjwa. Safarini teremka gari linaposimama unyooshe miguu, na unywe maji.

Pili, hesabu miligramu, usitazame rangi. Neno hili ni la ndugu zetu walio ng'ambo, nao najua husoma gazeti hili. Uingereza kidonge cha warfarini cha rangi ya waridi ni cha miligramu 5. Marekani cha rangi hiyo hiyo ni cha miligramu 1. Anayetoka London kwenda Chicago, au anayeletewa vidonge na jamaa, akifuata rangi atajipunguzia au kujizidishia mara tano.

Tatu, ukiugua, sema kabla hujaulizwa. Sema kwa tabibu, kwa muuguzi, kwa mng'oa meno, kwa muuza duka, na kwa anayekwenda dukani kwa niaba yako: "Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda." Kisha uliza maswali matatu. Je, maradhi haya yanahitaji antibayotiki kweli? Mafua hayahitaji, na homa nyingi zahitaji kwanza kipimo cha malaria. Je, ipo dawa nyingine itakayoyatibu bila kuisumbua sana warfarini? Je, nipimwe lini? Kwa kawaida kipimo hufanywa kati ya siku ya tatu na ya tano tangu kuanza dawa mpya, na tena baada ya kuimaliza. Hata amoksilini, ambayo ni mpole kuliko zile nilizotaja, si dawa ya kumezwa bila kutoa habari.

Nne, usiikimbie antibayotiki inayohitajika, wala usiikate nusu. Vijidudu vikiingia katika damu ya mtu mwenye vali ya bandia huweza kujenga juu ya vali hiyo, na hapo ndipo pana msiba mkubwa. Ndiyo sababu sisi hupewa antibayotiki kabla ya kung'olewa jino. Wala usiiache warfarini kwa shauri lako mwenyewe eti zisigongane. Anayeiacha huikwepa damu kuvuja akaangukia damu kuganda. La kupunguza au kuruka kidonge ni la daktari.

Tano, jihadhari na dawa za maumivu na sindano. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu, hasa tumboni. Isipokuwa yule ambaye daktari wake wa moyo amemwandikia aspirini makusudi. Paracetamoli ndiyo hutangulizwa, tena kwa kiasi, kwa kuwa nayo ikimezwa nyingi kwa siku nyingi huweza kuipandisha INR. Sindano ya msuli huweza kuvujisha damu ndani ya nyama. Mtoa sindano aambiwe kabla hajavuta dawa. Wale walio katika mpango wa penisilini ya kila mwezi kwa ajili ya moyo wasiukatishe, bali waufuate kama walivyopangiwa.

Sita, chakula. Mboga za majani kama mchicha, kisamvu na matembele zina vitamini K nyingi. Si haramu kwetu, wala msimnyime mgeni mwenye maradhi haya mboga zenu za nazi. Linalotakiwa ni kula kwa kiasi kinacholingana siku hadi siku. Anayekula chips wiki tatu mjini, kisha akaja Moa kula kisamvu asubuhi na jioni, ameyabadili maji bila kujua. Pombe nyingi huharibu mahesabu vile vile, na dawa za miti shamba zisizo na kipimo heri ziachwe.

Saba, jua dalili. Fizi zinazotoka damu, michubuko isiyo na sababu, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, damu ya pua isiyokoma kwa dakika 10, kichwa kinachouma ghafla kupita kiasi, au kuanguka na kujigonga kichwa hata kama hakuna jeraha: yote hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Hospitali inayo njia ya kuirudisha damu nyuma, mojawapo ikiwa vitamini K, lakini kipimo chake kwa mwenye vali chahitaji daktari. Upande mwingine, mguu mmoja unaovimba na kuuma, mdomo kupinda, mkono kulegea, kauli kukatika, kukosa pumzi, au mlio wa vali kufifia, hizo ni dalili za damu kuganda. Nazo hazingoji kesho.

Yupo atakayeuliza, je, hakuna dawa mpya zisizo na taabu hii? Zipo: rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani. Hazihitaji kupimwa INR, nazo zimewafaa wengi. Lakini sisi wa vali ya bandia hazitufai. Jaribio la dabigatrani kwa watu wa vali za bandia lilisimamishwa mapema, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2013, kwa sababu walioitumia waliganda damu na kuvuja damu zaidi kuliko wa warfarini. Na mwaka 2022 utafiti uliofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulionyesha kwamba hata wagonjwa wa moyo wa baridi yabisi ambao mapigo yao hayana mpango walinusurika zaidi kwa dawa za jamii ya warfarini kuliko kwa rivaroksabani. Tena hizo dawa mpya nazo zina ugomvi wao na baadhi ya antibayotiki: rifampisini hudhoofisha nguvu zake, na klarithromisini huweza kuzizidisha. Basi anayezitumia naye aseme.

Ndugu zangu mnaomiliki maduka ya dawa, na najua mpo, nanyi nina neno. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianzishwa mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili mtu wa kijijini asikose dawa iliyo bora karibu naye, kisha ukaenea nchi nzima. Ni jambo jema, na bila maduka hayo vijiji vingi vingetaabika. Lakini dawa bora mikononi mwa muuzaji asiyeuliza ni nusu ya msaada. Swali lenyewe ni fupi: "Mgonjwa anatumia dawa gani nyingine?" Mfundisheni kila mnayemwajiri aliulize kabla ya kufungua droo, na akiambiwa warfarini ampeleke mgonjwa kwa tabibu. Mtapoteza mauzo ya siku moja.

Sasa ombi langu. Nimesema kwamba wahitimu wa Wisconsin walichanga mfuko, na jina lake likabaki katika kidonge kinachotuweka hai. Umoja wetu nao una mfuko, lakini kila nikisoma taarifa ya mweka hazina naona fungu kubwa ni la rambirambi. Silipingi fungu hilo. Msiba ni wa wote. Napendekeza tu kwamba mwaka huu tutenge fedha kidogo tuchape kadi ngumu, ya kuingia mfuko wa shati, yenye jina la mtu, dawa anayoitumia, INR anayotakiwa kuwa nayo, namba ya kliniki, na kwa herufi kubwa maneno haya: NATUMIA DAWA YA KUZUIA DAMU KUGANDA. ULIZA KABLA YA KUNIPA DAWA NYINGINE. Tujipe sisi wanne, tuwape wazazi na jamaa zetu, na tuziache za kutosha katika zahanati za huku pwani, kuanzia hii ya jirani. Mtabibu yule kijana ameniahidi kuzigawa.

Ndugu Mwenyekiti, naomba pendekezo hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na lijadiliwe kabla ya chakula, maana baada ya chakula nawajua wenzangu.